Calipari anakwama wapi mechi ikibaki dakika mbili?

Mwalimu wa Pasua

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nafundisha kikapu timu ya wavulana ya chuo kimoja hapa Moshi. Uwanja wetu ni wa saruji, hauna paa, na ubao mmoja umeinama kidogo upande wa kushoto. Huu mwaka wa nne nawafundisha mashambulizi ya John Calipari, kocha wa timu za vyuo Marekani, yale aliyoyachukua kwa Vance Walberg, kocha wa chuo cha Fresno City, akayapeleka Chuo Kikuu cha Memphis. Wanne wanatanuka pembeni, mmoja anapenya na mpira hadi chini ya kikapu. Beki akimfuata anatoa pasi, asipomfuata anamaliza mwenyewe. Vijana wangu wana mbio, yamewakaa vizuri sana.

Jumamosi tulikwenda Arusha. Tunaongoza kwa pointi tano, zimebaki dakika mbili, wenyeji wakaanza kutupiga faulo za makusudi. Tukapata mitupo huru sita, ile ya pointi moja moja unayopiga bila beki, ukaingia mmoja. Nahodha wangu alisimama mstarini, akadunda mpira mara tatu kama desturi yake, nikaona goti la kulia linatetemeka. Nilijua kabla mpira haujatoka mkononi. Tukafungwa kwa tofauti ya kikapu kimoja. Kwenye Kosta hakuna aliyefungua mdomo mpaka tumepita Boma Ng'ombe.

Usiku ule sikulala, nikairudia fainali ya vyuo vya Marekani ya 2008, Memphis ya Calipari na Kansas. Memphis wanaongoza 60 kwa 51, zimebaki dakika mbili na sekunde 12. Kisha, katika sekunde 75 za mwisho, Chris Douglas-Roberts na Derrick Rose wakakosa mitupo huru minne kati ya mitano. Mario Chalmers akatupa ya pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde mbili, ikawa 63 kwa 63. Kwenye dakika za nyongeza Kansas wakashinda 75 kwa 68. Msimu mzima watu walikuwa wakimuuliza Calipari habari ya mitupo huru, naye akijibu kwamba siku ya siku vijana wataifunga.

Ingekuwa mara moja ningesema bahati mbaya. Lakini tazameni fainali ya 2014, akiwa Kentucky. UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, walipiga mitupo huru 10, yote ikaingia. Kentucky walipiga 24, ikaingia 13. Mechi iliisha 60 kwa 54. Pointi sita ndizo zilizowanyima kombe, na walikuwa wameacha 11 pale mstarini.

Huyu mtu amefikisha vyuo vitatu tofauti kwenye nne bora, yaani nusu fainali ya vyuo, ila ubingwa anao mmoja tu, wa 2012. Ninayemfuata ni yeye, kwa hiyo nataka kujua ninafuata na lipi lisilofaa. Tatizo lake ni mitupo huru tu, au kuna kingine?

Mzee wa Ngarenaro

Marahaba mwalimu, na pole kwa Jumamosi.

Mitupo huru ni dalili, ugonjwa uko kwingine. Nikueleze nilivyouona. Machi 2024, ilikuwa Ramadhani, Kentucky walicheza na Oakland, chuo cha Michigan ambacho wengi hapa hamjawahi kukisikia. Kwa saa zetu ilianza saa nane usiku. Nikasema nitatazama hadi wakati wa daku. Mama watoto akaniwekea uji wa mchele, ukapoa ukaganda juu utando, sijaugusa. Kuna kijana anaitwa Jack Gohlke, alihamia Oakland kutoka Hillsdale, chuo cha daraja la pili. Hapenyi, hachezi na mpira, kazi yake ni kusimama mbali na kutupa. Alifunga za pointi tatu 10, jumla pointi 32. Kentucky wakatolewa duru ya kwanza, 80 kwa 76.

Sasa niambie, mtu anayejua kitu kimoja anakufungaje mara kumi? Ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tano unamwekea mtu amgande kama kupe. Vijana wa Kentucky walikuwa wakimfikia mpira umeshatoka, na kati yao wapo ambao baada ya miezi mitatu NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, iliwachukua mapema kabisa. Vipaji walikuwa navyo. Walichokosa ni kuzoeana. Beki mmoja akipitwa, mwenzake anatakiwa awe ameshahama kabla ya kuitwa, na hilo linakuja kwa kulala na kuamka pamoja misimu miwili, mitatu. Calipari pale Kentucky kila mwaka alikuwa akianza na watoto wapya wa miaka 18, Machi ikifika ndio kwanza wanajuana majina.

Hasheem Thabeet wetu alikaa UConn miaka mitatu chini ya Jim Calhoun. Alifika hajui mengi, akakua mwaka hadi mwaka, mwaka wa tatu akaifikisha timu nne bora, na 2009 akawa kijana wa pili kuchaguliwa timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya. Huo ndio ukocha ninaoupenda mimi.

Dada wa Njiro

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umemwonea.

Kanuni ya kuondoka baada ya mwaka mmoja hakuitunga Calipari. Ni NBA waliosema kuanzia 2006 kijana asiingie kabla ya mwaka anaotimiza miaka 19, na awe amemaliza sekondari angalau mwaka mmoja nyuma. Yeye alichofanya ni kuwaambia wazazi ukweli: mwanao ni wa NBA, nitamwandaa, akiwa tayari aende. Mtoto wa familia isiyo na kitu umwambie akae miaka mitatu ili wewe kocha upate kombe? Mimi nisingemwambia mwanangu hivyo.

Na fainali ya 2012 irudieni kwa makini. Anthony Davis, mchezaji bora wa nchi nzima, alitupa mara kumi akafunga mara moja. Pointi sita. Lakini alichukua riboundi 16, ile mipira inayorudi ikikosa kikapu, na kuzuia mitupo sita, akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Kumfanya nyota wa miaka 19, ambaye kila gazeti linamwandika, akubali kufunga sita na bado alinde kwa nguvu ile, ni kazi ya kocha gani kama si huyu? Nilicheza kikapu sekondari, nafasi ya chini ya ubao. Nikikosa mara tatu mfululizo nilikuwa sirudi hata kulinda, mwalimu anapiga kelele mimi natembea. Kwa hiyo najua Davis alichokifanya ni kizito kiasi gani.

Mzee wa Ngarenaro

Marahaba mwanangu. Kwa wazazi umesema kweli, nakubali.

Ila timu hiyo hiyo ya 2012 itazame tena. Aliyefunga pointi nyingi siku ile ni Doron Lamb, 22, na alikuwa mwaka wa pili. Terrence Jones, mwaka wa pili. Darius Miller, mwaka wa nne. Kombe lake pekee alilipata pale watoto walipokuwa na kaka zao uwanjani.

Kijenge Juu

Naongeza moja kisha nirudi dukani. Mnasahau ukaidi. Mwaka 2010 alikuwa na John Wall, DeMarcus Cousins na Eric Bledsoe kwenye timu moja. West Virginia wakaweka zoni, ulinzi ambao kila mtu analinda eneo lake, mmoja mbele, watatu katikati, mmoja nyuma. Njia ya kupenya ikafungwa. Kentucky wakatupa za pointi tatu 32, zikaingia nne. Nne! Wakatolewa. Zoni inavunjwa kwa kupeleka mpira katikati kwa mtu mrefu, na Cousins alikuwepo.

Na 2015 wamefika nne bora wameshinda 38 hawajafungwa hata moja. Wanaongoza, zimebaki kama dakika sita, wakaacha kushambulia. Wakawa wanakaa na mpira mpaka muda wa kutupa unaisha, na kule enzi hizo sekunde zilikuwa 35, si 24 kama zetu. Mara tatu mfululizo filimbi ya muda kuisha inalia wao wameushika. Wisconsin wakashinda 71 kwa 64. Karl-Anthony Towns alikuwa anawashinda nguvu pale chini kila akipewa, kisha wakaacha kumpa. Kocha anapoogopa kupoteza kilicho mkononi, vijana wanaisikia hofu hiyo.

Mwalimu wa Pasua

Nimesoma yote, nimeyarudia asubuhi nikiwa kituoni nasubiri mvua ipungue.

Kijenge, umenigusa pabaya. Jumamosi, baada ya mitupo miwili ya kwanza kukosa, niliwaambia washike mpira, wasipenye. Mimi ndiye niliyewaambia. Kwa hiyo waliokuwa wakipokea faulo wamesimama ni kwa sababu niliwasimamisha. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari kwamba nahodha hana moyo, nimefuta.

Mitupo huru tumeanza kuifanya upya. Zamani nilikuwa nawapa mwanzoni mwa mazoezi, wakiwa wabichi, kila mtu anafunga saba au nane kati ya kumi na tunafurahi. Jana nimewakimbiza urefu wa uwanja mara sita, kisha kila mmoja apige miwili huku wenzake wamesimama pembeni kimya. Kumi na wawili waliopiga, mitupo 24, iliingia 11. Nahodha alidunda mara tatu, akafunga wa kwanza, akakosa wa pili, akaomba arudie. Nikamwambia akimbie kwanza.

Mzee wa Ngarenaro, nina swali moja limebaki. Nusu ya vijana wangu wanamaliza chuo mwaka huu, na wapya wanakuja Oktoba. Hao kaka wawili watatu wa kubaki na watoto nawapata vipi, wakati kila anayehitimu anaondoka Moshi kutafuta kazi?