Tovuti ya harusi kwa wageni wanaokuja Mtwara: niandike nini na niache nini?

Dada Mtu, Shangani:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Mdogo wangu wa kike anaolewa mwishoni mwa Desemba hapa Mtwara, na kamati imenikabidhi kazi ya kutengeneza tovuti ndogo ya kuwasaidia wageni. Bwana harusi anatoka Bukoba, kwa hiyo upande wao karibu wote hawajawahi kufika Kusini. Wapo pia rafiki zake watatu aliosoma nao Ujerumani, na sisi tuna ndugu wa mama walioko Mueda, Msumbiji. Nikaha itafungwa msikitini Mikindani, na karamu ya usiku itakuwa ukumbini mjini, yaani sehemu mbili zilizoachana kwa kilomita kumi hivi.

Tangu kadi zitoke, simu ya baba haipumziki. Huyu anauliza mabasi ya Kusini yanaondokea wapi Dar es Salaam, yule anauliza sare ni rangi gani, na jana mama mmoja wa Bukoba aliuliza kama Mtwara iko mbele ya Lindi au nyuma yake. Nimeanza ukurasa kwa Google Sites, lakini nimeujaza hadithi ya jinsi wachumba walivyokutana pamoja na picha kumi na nne, kisha nikajikuta sina pa kuweka majibu ya maswali hayo. Mliokwisha kuifanya kazi hii, naomba mnielekeze: kipi kikae juu, kipi chini, na kipi kisiwekwe kabisa?

Mtunza Tovuti wa Newala:

Dada, hongereni kwa shughuli. Nimetengeneza kurasa za namna hii mara nne, na jibu la swali lako umelitoa mwenyewe: yanayoulizwa kwenye simu ya baba ndiyo yanayotakiwa kuwemo kwenye tovuti. Mpe baba daftari kwa siku tatu aandike kila anachoulizwa, kisha upange ukurasa kwa kufuata wingi wa waulizaji. Hadithi ya wachumba ni tamu, lakini anayeisoma mpaka mwisho ni yule anayeijua tayari, kwa hiyo ishushe chini kabisa.

Juu kabisa weka siku, tarehe, mahali na saa, kwa maandishi ya kawaida. Usibandike picha ya kadi ukadhani umemaliza, kwa sababu maandishi yaliyo ndani ya picha hayanakiliki wala hayasomeki vizuri kwenye simu ndogo. Kuhusu saa, andika kwa namna zote mbili: «saa 8 mchana (14:00)». Nasema hivi kwa kuwa katika harusi moja niliyoisimamia tuliandika «saa 8» bila neno jingine, na mgeni kutoka Ulaya akafika saa 2 asubuhi akiwa amevaa suti yake. Aliwakuta vijana bado wanafunga mapazia na kupanga viti, akakaa nao saa sita nzima, akila mihogo ya kukaanga na kufundishwa kufunga shada. Kwa ndugu zenu wa Mueda ongeza sentensi moja zaidi, kwa sababu saa za Msumbiji ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Saa 8 mchana yetu ni saa 7 kwao, na mtu anayesafiri siku ileile anaweza kuchelewa nikaha huku saa yake ikimwambia amewahi.

Halafu njia. Mgeni wa Bukoba aelezwe kwamba akitokea Dar es Salaam atavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, atapita Lindi kwanza ndipo afike Mtwara, na kwamba safari hiyo ni ya kilomita zipatazo 560, siku nzima ndani ya basi. Mwambie pia kwamba basi la kutoka kwao huishia upande wa Mbezi, ilhali mabasi mengi ya Kusini hupakia upande wa Mbagala. Kati ya sehemu hizo mbili ni mji mzima, na asiyejua huikosa safari ya alfajiri. Kwa kuwa Desemba ni mwezi wa mvua kuanza, weka nafasi ya tangazo la barabara juu ya ukurasa na uiache tupu mpaka itakapohitajika. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama, na familia zilizokuwa na shughuli wiki hiyo zilikuwa zikipiga simu kwa mtu mmoja mmoja. Anayetaka ndege aelezwe tu kwamba Mtwara kuna uwanja, na kwamba asisubiri wiki ya mwisho kukata tiketi.

Malazi usiyapitie juujuu. Msimu wa korosho bado haujaisha kabisa Desemba, wanunuzi na madereva wa malori wanakuwa mjini, na nyumba za wageni nzuri hujaa mapema. Orodhesha chache ambazo mmezitembelea wenyewe, na useme ipi iko karibu na ukumbi.

Jambo la mwisho ni uzito. Wageni wako watafungua kiungo wakiwa ndani ya WhatsApp, wengine kwa bando la siku. Picha moja ya mpiga picha inaweza kuwa na megabaiti sita. Ipunguze hadi chini ya kilobaiti 200, na katika zile kumi na nne bakiza mbili. Ukurasa pia uupe jina linaloeleweka, kwa sababu kiungo kinachotokea kwenye kundi kikiwa na jina «Ukurasa Mpya» watu hudhani ni matapeli.

Katibu wa Kamati, Lindi:

Nakubaliana na Mtunza Tovuti, isipokuwa ameliruka jambo linalovunja undugu, nalo ni michango.

Mwaka juzi kamati yetu iliweka orodha ya michango kwenye tovuti, jina kwa jina na kiasi kwa kiasi, kwa nia njema ya uwazi. Amu yetu mmoja, mstaafu, alitoa shilingi 20,000. Kwa uwezo wake zilikuwa nyingi. Mjukuu wake akalisoma jina hilo mbele ya watu, likiwa chini ya jina la kijana aliyetoa 500,000. Yule mzee hakugomba, ila siku ya harusi alituma udhuru. Kwenye kundi la kamati tumezoea kuonana, lakini tovuti inafunguliwa na yeyote mwenye kiungo, hata asiyetuhusu. Tena tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na majina ya watu pamoja na namba zao za simu ni taarifa binafsi, hata katika harusi. Namba ya kupokea michango ibaki kwenye kadi na kwa mweka hazina. Kwenye tovuti andika kwamba haitabadilishwa kwa ujumbe wowote, ili anayepokea namba mpya ajue kuwa anaibiwa.

Kuhusu fomu ya kuthibitisha kuhudhuria, usiache nafasi ya wazi ya idadi ya watu. Sisi tuliiacha, na mwenye kadi ya mtu mmoja akajaza watano. Weka uchaguzi kwa mujibu wa kadi: mmoja au wawili. Jiandae pia kwa sisi watu wa pwani, maana ukituuliza kama tutakuja tutajibu «inshallah», na hilo si jibu analoweza kulipikia mpishi wa pilau. Wote watakaojibu hivyo, au watakaokaa kimya, wapigieni simu siku kumi kabla.

Shangazi wa Mikindani:

Mwanangu, mimi si mtu wa tovuti, mjukuu ndiye ananiandikia, lakini nimeozesha wengi.

Kwanza, bibi harusi akishawekwa ndani kwa ajili ya singo, picha zake zisionekane mpaka siku yenyewe. Mkitaka picha, wekeni bahari ya Mikindani. Na shughuli ya wanawake ya usiku iandikwe wazi kwamba simu zinabaki mikobani, kwa kuwa wageni wasiotujua hupiga picha bila ubaya wowote, na kesho yake mama wa watu yuko mtandaoni bila mtandio.

Pili, hao wageni wa Ujerumani waelezeni kwa upole, kabla hawajafika, kwamba msikitini wanaume na wanawake hukaa mbalimbali, viatu huvuliwa mlangoni, na mwanamke hujifunika kichwa. Mgeni hakasiriki kwa kuambiwa mapema. Hukasirika akiambiwa mlangoni.

Tatu, sare. Msiandike «rangi ya bahari» peke yake, kwani mwaka jana simu moja iliionyesha bluu na nyingine kijani, na meza kuu ikawa kama bendera. Pigeni picha ya kitambaa chenyewe juani, mseme kinauzwa wapi, na kipande kingine kikae kwa fundi.

Dada Mtu, Shangani:

Shangazi, shikamoo, nawe Katibu na Mtunza Tovuti, ahsanteni sana. Daftari la baba limejaa kurasa mbili, na kweli hakuna hata mmoja aliyeuliza wachumba walikutana wapi. Picha nimebakiza moja, ya bahari. Kwa wazee wasio na simu janja nitachapa karatasi moja yenye maneno yaleyale, na kila ukoo utakuwa na kijana wa kuwasomea. Hii ndiyo sehemu ya njia ya kufika msikitini, naomba mniambie kama inaeleweka:

«Ukitokea Lindi, utaingia Mikindani kabla ya kufika Mtwara mjini. Punguza mwendo ukiiona bahari upande wako wa kushoto. Shuka kwenye mwembe mkubwa, uvuke barabara, kisha ufuate njia ya mchanga mpaka utakapouona mnara. Ramani iko hapa chini, bofya.»

Mtunza Tovuti wa Newala:

Inaeleweka vizuri. Jaribu hiyo ramani kwa simu ya mtu ambaye hajawahi kufika, si kwa simu yako.

Shangazi wa Mikindani:

Marahaba, mwanangu. Mwembe huo ulikatwa tangu masika. Andika duka la vifaa vya uvuvi.