Mjadala: Chanjo ikishapatikana, ni halali mtoto mwingine kupewa plasebo?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili tukiwa tumeweka kando ule ugomvi wa kila siku wa wanaopinga chanjo na wanaozitetea. Mimi sina shida na chanjo. Shida yangu ni namna zinavyojaribiwa, hasa kwa watoto ambao wazazi wao hawana pa kuchagua.

Chukulieni Rotavac, chanjo ya matone iliyotengenezwa India dhidi ya virusi vya rota, vile vinavyoongoza kwa kuharisha watoto wachanga hadi kukaukiwa maji. Mwaka 2011 na 2012 waliandikishwa watoto karibu 6,800. Theluthi mbili wakapewa chanjo, theluthi moja plasebo, yaani matone yasiyo na kitu. Wakati huo chanjo nyingine mbili za rota, Rotarix na RotaTeq, zilishakuwa sokoni kwa miaka kadhaa, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishapendekeza mwaka 2009 chanjo za rota zitolewe dunia nzima.

Watetezi wa jaribio lile wanasema serikali haikuwa imeiweka chanjo ya rota kwenye ratiba yake, kwa hiyo hakuna mtoto aliyenyang'anywa kitu. Hapo ndipo ninapokereka. Hoja hiyo ina maana kwamba mtoto wa mwenye uwezo hawezi kuwekwa kwenye kundi la plasebo kwa sababu baba yake ameshamnunulia chanjo, ila wa asiye na uwezo anafaa kabisa. Umaskini umegeuzwa kibali cha utafiti.

Msimamo wangu: plasebo ni halali pale tu ambapo jibu halijulikani. Likishajulikana, chanjo mpya ishindanishwe na ile iliyopo. Karibuni.

Mchungulia Hadubini

Mleta mada, kukereka kwako nakuelewa ila umeruka hatua moja. Jibu lilijulikana wapi?

Majaribio makubwa ya Rotarix na RotaTeq, kila moja likiwa na watoto zaidi ya 60,000, yalitangazwa mwaka 2006. Watoto wengi walitoka Amerika ya Kilatini, Finland na Marekani, na kinga dhidi ya kuhara kukali ilikuwa asilimia 85 na kupanda. Rotarix hiyo hiyo ikajaribiwa Afrika Kusini na Malawi, matokeo yakatoka 2010: asilimia 61 kwa nchi zote mbili, na kwa Malawi peke yake 49. RotaTeq huko Ghana, Kenya na Mali ikapata 39. Chanjo ile ile, kiwanda kile kile. Chanjo za matone zinapita tumboni, na tumbo la mtoto mwenye lishe duni na vijidudu vingi vingine, anayenyonya maziwa yenye kingamwili za mama, halizipokei sawasawa. Bila plasebo Malawi isingejua inanunua kitu kinachokinga nusu.

Sasa hilo la kushindanisha mpya na ya zamani. Kwa homa ya ini B lingewezekana kesho asubuhi. Unamchanja mtu, unamtoa damu, unapima kingamwili. Zikifika miliuniti 10 kwa mililita unajua amekingwa. Ndiyo maana chanjo inayotengenezwa kwa hamira, iliyopitishwa mwaka 1986, iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza iliyotokana na damu za wenye virusi, haikulazimika kurudia jaribio kubwa la plasebo. Damu ilitosha kusema.

Kwa rota hakuna kipimo cha damu cha kuaminika namna hiyo. Mtoto anaweza kuonyesha kingamwili chache na asiugue, mwingine akawa nazo na akalazwa. Kwa hiyo unabaki kuhesabu wagonjwa. Mhudumu anakaa na mama na kuandika: ameharisha siku ngapi, mara ngapi kwa siku, ametapika mara ngapi, joto limefika wapi, amekaukiwa maji kiasi gani, amelazwa au ametibiwa nje. Alama zinajumlishwa, na zikifika 11 kati ya 20 ndipo ugonjwa unaitwa mkali. Ukizishindanisha chanjo mbili kwa njia hiyo, mahali ambapo hata hiyo ya zamani haijulikani kama inakinga asilimia 80 au 30, zikitoka sare utasemaje? Zote zinafanya kazi, au zote hazifanyi?

Tarishi

Haya ni yale yale ya Willowbrook tu. Tofauti ni karatasi nzuri zaidi.

Kalamu Nyekundu

Hapana Tarishi, tusichanganye mambo. Kwa wasioijua: Willowbrook ilikuwa shule ya serikali ya watoto wenye ulemavu wa akili huko Staten Island, New York. Kuanzia 1956 Dkt. Saul Krugman na wenzake waliwaambukiza baadhi ya watoto homa ya ini kwa makusudi. Wazazi walitia saini, ndiyo, lakini ilifika wakati nafasi za kawaida shuleni zimejaa na zilizobaki wazi ni za wodi ya utafiti. Saini ya namna hiyo kila mtu anajua uzito wake. Utetezi wao ulikuwa kwamba homa ya ini imejaa humo humo, watoto wangeipata tu.

Kinachokera zaidi ni kwamba sayansi yake ilizaa matunda. Ilitenganisha aina mbili za ugonjwa, A na B, na ikaonyesha kwamba damu yenye B ikichemshwa inaweza kukinga. Kumwambukiza mtoto na kutomkinga si kitu kimoja. Ila Tarishi ana punje ya ukweli: "wangeipata tu" na "wasingechanjwa tu" ni sentensi ndugu.

Kuhusu kanuni: Azimio la Helsinki, yaani mwongozo wa madaktari duniani wa maadili ya utafiti kwa binadamu, katika toleo la 2000 lilisema wazi kwamba tiba mpya ipimwe dhidi ya ile bora iliyopo. Miaka miwili baadaye likaongezewa ufafanuzi unaoruhusu plasebo kukiwa na sababu nzito za kisayansi. Mwaka 2013 jopo lililoitwa na WHO kuhusu chanjo likakubali kwamba yapo mazingira ambamo plasebo inaweza kuvumilika hata kama chanjo ipo, mojawapo ni utafiti wa chanjo ambayo nchi husika itaimudu. Kwa maneno mengine, mlango upo. Kugombana tugombane juu ya upana wake.

Mama wa Pacha

Mnaongea kana kwamba plasebo ni ya maskini peke yao. Chanjo ya homa ya ini A ilijaribiwa Monroe, jimbo la New York, mwaka 1991, kwa watoto zaidi ya 1,000, na nusu walipata plasebo. Matokeo yalikuwa ya kushangaza kwa uzuri wake.

Mleta mada

Mama wa Pacha, umenisaidia mimi. Mwaka ule hapakuwa na chanjo ya homa ya ini A iliyoidhinishwa Marekani. Hakuna aliyekosa kitu kilichokuwepo.

Kalamu Nyekundu

Na tusidhani ni ama plasebo ama ushindani wa ana kwa ana. Zipo njia nyingine, ni uvivu tu kuzikwepa. Chanjo ya homa ya ini E ilipojaribiwa China kwa watu wazima zaidi ya 112,000, kundi la ulinganisho lilichomwa chanjo ya homa ya ini B. Hawakukingwa dhidi ya E, lakini walirudi nyumbani na kitu. Linganisha na Nepal, ambako chanjo nyingine ya E ilijaribiwa kwa wanajeshi wapatao 2,000, kwa plasebo. Ilikinga kwa asilimia 95, matokeo yakachapishwa 2007, kisha isifike sokoni kabisa. Tuache hata suala la askari kukataa ombi linalopitia kwa mkuu wake.

Gambia walifanya jingine. Kuanzia 1986 chanjo ya homa ya ini B iliingizwa eneo baada ya eneo kwa miaka minne mpaka nchi nzima ikafikiwa. Chanjo ilikuwa adimu na isingeweza kufika kote siku moja, kwa hiyo foleni yenyewe ikawa jaribio: waliochanjwa mapema wanalinganishwa na waliozaliwa kabla ya zamu ya eneo lao, hadi kwenye saratani ya ini ukubwani. Hakuna mtoto aliyechomwa sindano ya maji.

Mchungulia Hadubini

Gambia nakubali, ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini saratani ya ini inachukua miongo. Rota haisubiri, mtoto anaweza kufa wiki hii.

Na kuna upande ambao mleta mada hajaugusa. RotaShield, chanjo ya rota iliyozitangulia hizi, iliidhinishwa Marekani Agosti 1998, ikasimamishwa Julai 1999, kwa sababu takriban mtoto mmoja kati ya 10,000 alipata tatizo la utumbo kujipenyeza ndani ya utumbo. Kwa Marekani, ambako kifo cha rota ni nadra, uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini wakati ule rota ilikuwa ikiua watoto zaidi ya 400,000 kwa mwaka, karibu wote nchi maskini. Kwa nchi hizo hesabu ingekuwa tofauti kabisa, ila hakuna waziri wa afya ambaye angethubutu kupokea kitu kilichokataliwa Marekani. Kipimo kimoja kwa wote kilitugharimu miaka saba au zaidi. Kwa hiyo ukisema mtoto wa huku apimwe kwa kigezo cha mtoto wa kule, fikiri kigezo hicho kiliwahi kutufanyia nini.

Mama wa Pacha

Hapo sasa.

Mleta mada

Hadubini, hoja ya RotaShield ni nzito na sitaikwepa. Lakini inasema faida na hatari zipimwe mahali ugonjwa ulipo. Sijaipinga. Ninachopinga ni kuhesabu kutokuwepo kwa chanjo kwenye ratiba kana kwamba ni hali ya hewa. Ni uamuzi wa watu, na mara nyingi watu hao hao ndio wanaolipia utafiti.

Malawi nakubali moja kwa moja: jaribio lilianza kabla ya pendekezo la 2009, na jibu halikujulikana. India 2011 ndiyo inayonisumbua. Najua watoto wa makundi yote mawili walifuatiliwa kwa karibu na kutibiwa. Najua pia chanjo iliyopatikana iliahidiwa kwa dola 1 kwa dozi na imewafaa wengi. Ila kinga yenyewe ilitoka zaidi kidogo ya nusu, sawa na tulichokuwa tumeshakiona Afrika.

Na kwamba haiwezekani kushindanisha? Imewezekana. Chanjo ya rota ya sindano iitwayo P2-VP8 ilipelekwa Ghana, Malawi na Zambia, ikapambanishwa na Rotarix yenyewe. Kila mtoto alipata mojawapo. Ilipoonekana haiishindi Rotarix, jaribio likasimamishwa.

Mchungulia Hadubini

Kwa hiyo nusu ya watoto waliachishwa Rotarix, ambayo ilikuwa tayari kwenye ratiba za nchi hizo, wakapewa sindano iliyokuja kushindwa. Kwa kigezo chako, hao wako upande gani?

Mleta mada

Upande wa walioambiwa. Wasomewe wazazi wao kwa lugha wanayoielewa: "chanjo ya kawaida ipo kliniki, bure, na mwanao akiingia humu huenda asiipate." Sentensi hiyo ikiwa ya kwanza kwenye fomu, badala ya kufichwa ukurasa wa sita, na mama bado akakubali, mimi sina neno. Fomu ya kundi la plasebo ingesomekaje ikianza hivyo hivyo? Naomba wanaotetea watuandikie hapa, mistari miwili tu.