Mliojitolea kwenye mashauri ya watoto, tupeane uzoefu: mfumo ulibadilika wapi?

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa mnaojitolea kwa watoto walio chini ya ustawi wa jamii: mnaoteuliwa na mahakama, mnaokaa vikao vya mapitio, mnaotembelea familia za malezi. Waliokulia humo wanakaribishwa zaidi, maana wao ndio wenye habari. Hotuba za "watoto ni taifa la kesho" tuwaachie wageni rasmi. Tuambiane ulifanya nini na kipi kilibadilika.

Naanza mimi. Kazi yangu ni kumfuatilia mtoto mmoja, au ndugu wa familia moja, mpaka shauri lifungwe. Utaratibu huu ulianzia Seattle, Marekani, mwaka 1977, pale Jaji David Soukup alipoona anaamua hatima ya watoto huku akijua machache mno kuwahusu, akaomba raia wa kawaida wamsaidie. Mafunzo yetu yalisisitiza kuandika: nilichokiona, nilichoambiwa na nani, halafu maoni yangu mwisho kabisa.

Mtoto niliyemfuatilia alikuwa amebadilishiwa maafisa wa ustawi hadi amechoka, na kila mpya alimrudisha kwenye maswali yale yale ya kutonesha kidonda. Siku moja hakimu akauliza kama ana ndugu. Watu wakaanza kupekua makaratasi. Mimi nilijua, kwa sababu kila nikienda alikuwa akinitajia dada yake. Ziara za ndugu ziliamriwa palepale. Hakuna ujanja niliofanya hapo, ila nilikuwepo muda mrefu kuliko wengine wote.

Majina ya watoto, shule na mitaa msitaje.

Shangazi Mkali
Mimi niko kwenye jopo la mapitio. Hatuamui, tunapendekeza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 25, unataka hali ya mtoto aliyewekwa chini ya uangalizi ipitiwe mara kwa mara, ndiyo kazi yetu.

Faili moja halikuambii kitu. Tulipoyasoma mengi kwa pamoja ndipo tukashtuka: juu limeandikwa "kutelekezwa", ndani unakuta mama anafanya kazi usiku na hana wa kumwachia mtoto. Huo ni umaskini jamani! Na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani ya mtoto asiyekaa na wazazi wake, inasema wazi kuwa umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Tukapendekeza kila ripoti itaje msaada ambao familia ilipewa kabla ya mtoto kuondolewa. Wakubwa walinuna, barua zikazungushwa wee, mwishowe fomu ikaongezwa kipengele kimoja. Kidogo, najua. Lakini afisa akikuta pale hana cha kujaza, anarudi kwanza kwa familia.

Nimekulia Huko
Niseme ukweli, wengine mlituchosha. Mnakuja na zawadi na kamera, mnapiga picha, hatuwaoni tena. Mtoto anajifunza kutomzoea mtu.

Aliyenifaa hakuwahi kuniletea kitu. Aliniuliza, "Kwenye kikao unataka nikusemee au utasema mwenyewe?" Nikasema mwenyewe. Nyumba nilihamishwa, ila shule nikaachiwa ile ile, na ndicho nilichoomba. Baadaye tuliokulia humo tuliitwa kutoa maoni. Walitegemea tudai makubwa. Tulianza na mabegi, kwa sababu kuhamishwa na nguo zako kwenye mfuko wa taka kunakwambia wewe ni nani. Mabegi yalinunuliwa.

Afisa Mchovu
Na mimi wa upande wa pili nisikike. Mafaili ni mengi, usingizi mchache. Anayejitolea mzuri hunipigia simu kabla ya kuandika. Mbaya namsikia kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu, ananianika. Halafu kuna wanaokasirika wakiambiwa rekodi zao zitachunguzwa kwanza. Anayekataa hilo asikaribishwe karibu na mtoto, awe na moyo mzuri namna gani.

Shangazi Mkali
Afisa, hapo kwa rekodi nakuunga mkono. Kwa simu pia, mradi mpokee!

Mgeni Kidogo
Kuna mahali wanaojitolea wanaamua wenyewe?

Mwanzisha uzi
Uskoti, mkuu. Tangu 1971 mashauri mengi ya watoto husikilizwa na jopo la watu watatu wanaojitolea, na familia inakaa nao meza moja. Mahakama huingia pale watu wanapobishania ukweli wa madai au wanapokata rufaa.

Mgeni Kidogo
Asante. La mwisho: shauri likifungwa, naruhusiwa kuendelea kumwona mtoto?

Mwanzisha uzi
Inategemea kanuni za waliokuteua, na wazazi au walezi wakubali. Usimwahidi chochote kabla hujauliza.

Nimekulia Huko
Na kama jibu ni hapana, mwambie mapema, siyo siku ya mwisho. Wangu alinionyesha kwenye kalenda ziara zilizobaki, tukawa tunazikata kwa kalamu. Nililia, lakini sikushtukizwa.