Masta ya saikolojia ya kliniki: jini namuweka wapi kwenye ripoti ya kesi?

Binti_Wete:

Assalam alaykum nyote. Mie ni nesi, nimefanya kazi upande wa afya ya akili huko kwetu Pemba kabla sijaja Dar kusoma masta ya saikolojia ya kliniki, na sasa niko praktikamu, asubuhi wodini jioni darasani. Masomo alhamdulillah yanakwenda, saikopatholojia naielewa, hata takwimu iliyokuwa ikinitisha nishaizoea. Kinachonikwamisha ni ripoti ya kesi.

Nimeandika kesi ya kijana wa visiwani (nimebadilisha umri, kazi na mahali, maana kwetu ukisema tu mtoto wa shamba fulani watu washamjua mpaka bibi yake). Kaletwa na mama yake na mjomba wake. Halali usiku, anazungumza na watu asiowaona mtu mwengine, kazini kaacha kwenda miezi mingi, na chakula hali mpaka mama aonje kwanza kwa sababu anasema kuna watu wanamtilia kitu. Nikavipanga vigezo vya DSM-5 (kitabu cha Wamarekani cha kuainisha maradhi ya akili) kimoja kimoja, dalili mbili na zaidi kwa mwezi mzima, jumla imeshapita miezi sita, maisha yameporomoka, dawa za kulevya hatumii, kifafa daktari kakiangalia hakuna, nikaandika skizofrenia (maradhi ya akili ya kusikia, kuona au kuamini mambo yasiyokuwepo). Supavaiza kairudisha na komenti moja tu nyekundu: dayagnosisi sawa, fomyulesheni iko wapi?

Familia inasema kijana ana jini, na hawasemi kwa kubahatisha. Wamemsomea, wamempa kombe (aya zilizoandikwa zikaoshwa, akanywa maji yake), wamekwenda kwa mganga akataka mbuzi mweusi wakampa. Mama ananambia "mwanangu si mwendawazimu, kapandwa tu, akitulizwa atarudi". Mwenzangu mmoja wa darasani ananishauri niandike "familia ina imani potofu" nipite zangu, mwengine anasema nisiandike chochote kwa sababu si sayansi. Yote mawili yananikera, yule mama simuoni kwenye sentensi yoyote katika hizo. Walopita njia hii nisaidieni, jini namuweka wapi?

Mwana_Mizingani:

Waalaykum salaam mdogo wangu. Nafanya kazi hii Unguja miaka sasa na nishasimamia wanafunzi, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo univumilie.

Kwanza uelewe supavaiza wako anataka nini. Dayagnosisi inajibu "ni ugonjwa gani", fomyulesheni inajibu "kwa nini huyu, kwa nini sasa, na kwa nini hauondoki". Vijana kumi wanaweza kuwa na skizofrenia hiyohiyo kwenye karatasi na kila mmoja akawa na habari yake. Ndo maana mnafundishwa zile sehemu tano: tatizo lenyewe lilivyo, kilichomuandalia njia tangu zamani (ukoo, uzazi, utotoni), kilicholiamsha, kinacholiendeleza, na kinachomlinda. Makosa ya wengi ni kuzijaza kama fomu ya pasipoti. Mtahini anatafuta mishipa inayoziunganisha, kwamba hiki kilisababisha kile kikaleta hiki, na unasema kama dhana inayoweza kupimwa siyo kama hukumu.

Sasa jini. Mie ningekwambia yumo kwenye ripoti sehemu zaidi ya moja ila kwenye dayagnosisi hayumo. Anaanza kwenye historia, kwa maneno ya mama mwenyewe ndani ya alama za kunukuu, bila neno "potofu" wala "ushirikina". Halafu anakuja kwenye historia ya matibabu, maana kombe na mbuzi ni matibabu, yana tarehe, yana gharama, na yana kitu kilichotokea baada yake. Uliuliza? Siku walipokuwa wanampa kombe alikuwa anaendelea na vidonge au waliambiwa waviache? Alilala usiku ule? Nani alitamka jini kwanza, mama, mjomba, jirani au kijana mwenyewe? Na hili la mwisho usilipite haraka. Kama familia ndo inayosema jini na kijana mwenyewe anasema ni wenziwe kazini wanamtilia sumu, hayo ni mambo mawili mbalimbali. Imani inayoshirikiwa na watu wa jamii yake haihesabiwi dalusheni (imani isiyo ya kweli ambayo mgonjwa haachi hata aoneshwe ushahidi). Ile ya sumu, ambayo hata mama yake haiamini na bado anaonja chakula ili mwanawe ale, hiyo ndiyo dalili yako.

Hujabuni wewe kuuliza haya. DSM-5 ilipotoka 2013 iliwekewa usaili wa utamaduni wenye maswali 16, unauliza mgonjwa mwenyewe anaonaje chanzo, watu wake wanaonaje, wameshakwenda wapi kutafuta msaada na nini kiliwazuia. Liko na toleo la kumuuliza mtu wa familia. Kabla ya hapo Arthur Kleinman wa Harvard, daktari wa akili aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, alishafundisha kumuuliza mgonjwa "wewe unaliitaje tatizo hili na unaogopa nini zaidi". Lile la unaogopa nini muulize mama, nakuhakikishia ukurasa mzima utaupata pale.

Na usome ICD-11, orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, upande wa trensi (mtu kutoka kwenye fahamu zake za kawaida) na kupandwa, namba 6B62 na 6B63. Hali ya kupandwa haiandikwi kuwa maradhi ikiwa inatokea ndani ya ibada au mila inayokubalika kwa wenyewe, inaandikwa pale inapomjia mtu bila hiari, nje ya mila hiyo, ikamharibia maisha. Mtu anaepanda kibuki (aina ya pepo) kwenye ngoma yake akashuka akaenda sokoni kesho yake huna cha kumtibu.

Tabibu_Micheweni:

Kaka hapo juu kasema vizuri lakini mie nna wasiwasi na jambo moja na nnalisema kwa sababu nnawapokea wagonjwa hao mwisho wa safari. Heshima ya utamaduni isije ikawa kisingizio cha kuchelewesha. Saikosisi, yaani hali hii ya kusikia na kuamini yasiyokuwepo, ikikaa muda mrefu bila dawa matokeo yake baadae yanakuwa mabaya zaidi, hilo limeonekana nchi nyingi. Mtu ananijia kaisha kuzungushwa kwa waganga, kakonda, kafungwa, ana vidonda vya kamba mikononi. Kwa hiyo dada kwenye "kinachoendeleza" uandike waziwazi muda uliopotea, ni lini dalili zilianza na ni lini alionwa na mtaalamu mara ya kwanza. Huo si ukosefu wa adabu, ni data.

La pili, sema kifafa umekitoaje. "Daktari kaangalia" haitoshi kwenye ripoti ya masta. Kuna kifafa cha sehemu ya ubavuni mwa ubongo, mtu hatikisiki mwili mzima, anakodoa macho, anatafunatafuna, ananusa harufu ambayo haipo, baadae hakumbuki, na watu wanasema kapandwa. Aulizwe aliewahi kumuona kwa macho, sio kusikia. Na homa je? Malaria ya kichwani na homa ya matumbo zinaweza kumtoa mtu akilini, ila hizo ni za siku na wiki, sio miezi, kwa hiyo kwa kijana wako zinaondoka kwa sentensi moja.

Dada_wa_mgonjwa:

Samahanini mie sio mwanafunzi wala daktari, nimeona mada nikashindwa kupita. Kaka yangu anaumwa haya tokea mie niko skuli.

Nataka wataalamu mujue kitu. Mara ya kwanza kaka kuanzishwa haloperidoli, dawa ya maradhi haya, hospitali siitaji, tukarudi nae nyumbani siku ya pili shingo ikampinda upande, imekakamaa, macho yamepanda juu yanaonesha weupe tu, ulimi nje hawezi kusema. Nyumba nzima tulilia. Bibi akasema si nnakwambieni, jini kakasirika kupewa dawa za kizungu. Na kwa tulivyoona kwa macho yetu bibi alikuwa na ushahidi kuliko daktari! Hapana mtu aliyetwambia kabla kwamba dawa inaweza kufanya vile. Vidonge vikatupwa chooni, mwaka mzima hatukurudi. Baadae sana nesi mmoja ndo akatufahamisha kuwa yale ni madhara ya dawa yanajulikana, vijana wa kiume khasa yanawapata, na iko dawa ya kuyaondoa. Dakika mbili za maelezo zingetuokolea mwaka.

Halafu huyo mama anayesema "mwanangu si mwendawazimu" msimdharau. Sie nyumbani kusema jini kulitusaidia tusimchukie. Akivunja vyombo tunasema si yeye. Akitulia tunakula nae sinia moja kama kawaida, hapana mtu anaemkumbushia. Shangazi yangu yeye haamini majini, anasema mvivu huyu, anamsema kutwa, na kila akienda kukaa kwa shangazi anarudi hali mbaya.

Mwana_Mizingani:

Dada ahsante sana, Mungu akupe subira na amponye kaka yako. Binti_Wete, hayo alosema dada yasome mara mbili, kwa sababu ndani yake mna mada nzima ya semista.

Hili la shangazi lina utafiti wake. George Brown na wenzake London kuanzia miaka ya 1950 waliwafuata wagonjwa waliotoka hospitali, wakaona waliorudi kwenye nyumba za kulaumiwa, kuchukiwa au kubanwa kupita kiasi ndo waliokuwa wakirudia kuumwa zaidi. Kuna Mmarekani, Juli McGruder, yeye akaja kufuatilia familia za hapahapa Zanzibar zenye wagonjwa wa skizofrenia, akaona jambo linalofanana na analosema dada, kwamba kuamini mashetani kunaweza kumtoa mgonjwa kwenye lawama na kumbakisha ndani ya nyumba kama mtu wao. Kwa hiyo jini wako anaweza kukaa kwenye "kinachomlinda". Na palepale akakaa kwenye "kinachoendeleza", kama alivyosema Tabibu, pale mganga anapokataza vidonge. Usichague upande mmoja, andika vyote viwili na ueleze kila kimoja kinafanya kazi lini.

Na la shingo usiliache. Muulize mama kama kijana alishawahi kupewa dawa kabla na kilitokea nini. Tiba nzuri za kisaikolojia, ikiwemo CBT (tiba ya mazungumzo ya kuangalia fikra na vitendo) ya saikosisi na mafunzo kwa familia, zinaanzia hapo, huwezi kumfundisha mtu juu ya dawa aliyoiona ikimpinda mwanawe shingo bila ya kwanza kukiri kwamba alichokiona alikiona kweli.

Binti_Wete:

Jamani nimesoma nimekaa kimya kwanza. Dada pole sana na ahsante. Jana nilimpigia mama, nikamuuliza lile la dawa za zamani. Kumbe alishapewa sindano mara moja, akakakamaa taya, na ndo siku walipokwenda kwa mganga. Hilo kwenye faili halimo, kwangu halikuwemo na kwa daktari halimo, maana hapana aliemuuliza. Na anachokiogopa zaidi kasema "atakapofungwa huko akasahauliwa". Nimeshamuarifu daktari wa wodi habari ya sindano.

Ripoti naiwasilisha Alkhamis. Mwana_Mizingani naomba nioneshe kwa mistari michache tu inakaaje kwenye karatasi, nijue lugha yake.

Mwana_Mizingani:

Umefanya kazi kubwa kwa simu moja. Ningeiandika hivi, wewe uipange kwa maneno yako:

"Familia inaeleza hali ya kijana kuwa ni kupandwa na jini. Inadhaniwa maelezo haya yamepunguza lawama dhidi yake na yamesaidia aendelee kuishi na kulishwa nyumbani. Matibabu ya hospitali yaliachwa baada ya sindano ya kwanza kuleta mkakamao wa taya ambao haukuelezwa kwa familia, na tukio hilo likaimarisha imani kwamba dawa inamuudhi jini. Mama anahofia zaidi mwanawe kufungiwa na kusahauliwa. Ikiwa dhana hii ni sahihi, kueleza madhara ya dawa mapema, kumpatia dawa ya kuyazuia, na kukubaliana kwamba kisomo kiendelee sambamba na vidonge kutaongeza uwezekano wa kuendelea na tiba."

Ile sentensi ya mwisho ndo atakayoitafuta supavaiza, inasema nini kifanyike na inakubali kukosolewa kama haitatokea. Chini yake weka utapima vipi, mfano siku alizomeza dawa kwa mwezi, mama ndo aandike kwenye kalenda ya ukutani, na zungumza na anaemsomea nae ajue vidonge visikatizwe. Wengi wao ukiwaendea kwa adabu wanakubali.

Tabibu_Micheweni:

Na kabla ya Alkhamis hakikisha mama karidhia kesi ya mwanawe itumike darasani, na kijana mwenyewe aulizwe akiwa ametulia. Iandikwe kwenye faili kuwa wameulizwa.