Mhitimu wa ualimu anayeomba kazi ya kituo cha miito ya simu Dodoma: naombeni ushauri

BintiKolo:

Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu habari za kazi.

Nimehitimu shahada ya elimu, masomo ya Kiswahili na Historia, katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Tangu nimalize nimekuwa nikisubiri ajira za walimu kama wanavyosubiri wenzangu wengi, huku nikimsaidia mama mdogo kwenye kibanda chake cha uwakala wa fedha za simu karibu na Sabasaba. Sasa nimeona tangazo la nafasi za wahudumu wa wateja katika kituo cha miito ya simu hapahapa mjini. Wanataka mtu mwenye stashahada au shahada ya fani yoyote, anayezungumza vizuri Kiswahili na Kiingereza, aliye tayari kufanya kazi kwa zamu zikiwemo za usiku, na wameongeza kwamba mwenye uzoefu wa mwaka mmoja atapewa kipaumbele.

Sijawahi kuajiriwa popote. Naomba kufahamishwa mambo matatu. Kwanza, barua ya maombi na wasifu niviandikeje ili visionekane vitupu? Pili, usaili wa kazi hizi hufanyikaje, kwa maana nimesikia kuna majaribio ya kuzungumza na ya kuchapa? Tatu, wakiniuliza kuhusu ualimu, niseme kwamba maombi yangu yako kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, au ninyamaze? Baba yangu kule Kondoa anaona kupokea simu si kazi ya mtu aliyesomeshwa kwa mkopo, lakini hilo nitalimaliza naye mwenyewe.

MsimamiziWaZamu:

Marahaba, binti. Nimekaa kwenye kiti cha mhudumu kwa muda kabla ya kuwa msimamizi, kwa hiyo nitaanza na swali lako la pili, ambalo ndilo linalowaangusha wengi.

Usaili wa kazi hii huanza kabla hujaitwa kwenye usaili. Ukishatuma maombi, kuna uwezekano mkubwa wa kupigiwa na namba usiyoijua, saa ambayo hukuitarajia, na mtu wa upande wa pili atajifanya anathibitisha tu jina na namba yako. Hathibitishi chochote, anasikiliza unavyopokea simu. Mwombaji anayepokea kwa "Haloo, nani mwenzangu?" huku redio inanguruma nyuma yake ameshajipunguzia alama bila kujua. Taja jina lako, salimia, sikiliza hadi mwisho, na kama uko kwenye daladala omba kwa upole upigiwe baada ya muda fulani, kisha uwe mahali patulivu muda huo ukifika. Na kama umeweka wimbo wa kuwaburudisha wanaokupigia, uondoe kwa sasa. Si dhambi, ila anayewapigia watu hamsini kwa siku hauhitaji.

Ukiitwa, kwa kawaida utakutana na zoezi la kuigiza simu. Msaili anakuwa mteja mwenye hasira, nawe unakuwa mhudumu. Mfano ambao nimeuona mara nyingi ni wa mteja aliyenunua umeme wa LUKU kwa simu usiku, fedha imekatwa, tokeni haijafika na nyumba ina giza. Anapiga akifoka. Waombaji wengi hukimbilia kuomba radhi mara nne mfululizo, au huanza kueleza mfumo unavyofanya kazi, na vyote viwili humwongezea mteja hasira. Kinachotakiwa ni kumwacha amalize, kumrudishia kwa sentensi moja ulichokielewa ("Umenunua umeme wa shilingi elfu kumi tangu saa mbili usiku, fedha imekatwa na tokeni hujaipata, ndivyo?"), kisha kumwomba namba ya mita na kumrudia tarakimu zake moja baada ya nyingine. Tokeni ikipatikana, utamsomea tarakimu 20, nazo husomwa nne nne, ukisubiri aseme "ndiyo" kabla ya kuendelea na kundi linalofuata. Jaribu zoezi hili na mama mdogo wako leo jioni. Utashangaa jinsi ilivyo vigumu kutokimbia mbele ya mtu anayeandika kwenye kipande cha karatasi gizani.

Jambo ambalo hupaswi kulifanya kwenye zoezi hilo ni kuahidi. Usiseme "itafika baada ya dakika tano" kama huna pa kulijulia hilo. Sema utakachofanya wewe, na namba ya kumbukumbu ya tatizo lake.

Kuhusu kuchapa, hawatafuti karani wa mahakama. Wanapima kama unaweza kuandika huku unasikiliza. Nenda kwenye duka la steshenari lenye kompyuta, mwombe rafiki akusomee malalamiko ya kubuni kwa mwendo wa mazungumzo ya kawaida, nawe uandike kiini chake kwa mistari mitatu bila kumkatisha.

Swali jingine linalopendwa ni la siri za wateja. Utaulizwa hivi: shangazi yako anakupigia, anataka umwangalizie namba fulani inayompigia mumewe usiku ni ya nani, utafanyaje? Jibu ni moja tu, kwamba huwezi, hata awe shangazi aliyekulea. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, jambo hili si la nidhamu ya ofisi peke yake. Ukitaja sheria hiyo kwa jina, msaili atainua macho.

MchujaMaombi:

Naongezea upande wa barua, maana kazi yangu ni ya rasilimali watu na maombi ya aina hii hupita mikononi mwangu.

Binti, wasifu wako si mtupu, hujauandika tu. Uliyeketi kwenye kibanda cha uwakala umehudumia watu waliokosea namba ya kutumia fedha, waliosahau namba ya siri, wazee wasiojua kusoma ujumbe, na walevi wa saa moja jioni. Hiyo ndiyo huduma kwa wateja yenyewe. Iandike kama kazi: jina la shughuli, mahali, miezi uliyofanya, na mistari miwili mitatu ya ulichokuwa ukifanya. Mama mdogo wako anaweza kuwa mdhamini, lakini usimweke peke yake. Weka pia mwalimu mkuu wa shule ulikofanyia mazoezi ya kufundisha. Na mazoezi hayo yenyewe yaandike kwa namna ya kazi hii, usiyaache kwa namna ya ualimu. Aliyesimama mbele ya darasa la wanafunzi wengi akaeleza jambo lilelile kwa njia tatu tofauti mpaka likaeleweka ana kitu ambacho mhitimu wa biashara hana. Kama ulikuwa karani wa sensa ya mwaka 2022, hilo nalo ni dhahabu, kwa sababu ulikuwa ukiuliza maswali yaleyale nyumba hadi nyumba na kujaza majibu kwenye kishikwambi bila kuchoka usoni.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, kwa lugha iliyotumika kwenye tangazo. Aya ya kwanza itaje nafasi unayoomba na mahali ulipoona tangazo. Aya ya pili ieleze tukio moja tu la kweli pale kibandani, mteja gani alikuja na tatizo gani na ulilimalizaje, bila kumtaja jina. Nimesoma barua nyingi mno zinazoanza kwa "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na niwezaye kufanya kazi chini ya shinikizo", na kusema kweli siku hizi macho yangu huziruka zenyewe. Aya ya mwisho iseme wazi kwamba uko tayari kwa zamu za usiku, kama ni kweli. Kama si kweli, usiombe nafasi hii.

Mambo madogo yanayoudhi: viambatanisho sita vyenye majina ya ajabu ajabu, ilhali vingeweza kuwa faili moja la PDF lenye jina lako, barua pepe yenye kichwa kitupu, na anwani ya barua pepe uliyoifungua ukiwa kidato cha pili yenye maneno ya mapenzi. Fungua nyingine yenye majina yako mawili.

Kwenye lile la ualimu, ushauri wangu ni kutolitaja usipoulizwa. Kumfundisha mhudumu mpya hugharimu fedha na muda, na mwajiri akijua kwamba siku majina ya walimu yakitoka utaondoka, atamchukua mwingine.

AreaC_Mpangaji:

Mchuja maombi amesema vizuri, ila hapo mwisho natofautiana naye. Vyeti vyako vinasema shahada ya elimu, na hakuna msaili wa Tanzania asiyejua kwamba wahitimu wa elimu wameomba ualimu. Ukiulizwa nawe ukakana, umedanganya kwenye usaili wa kazi inayotegemea uaminifu. Sema kwamba maombi yako yapo kama yalivyo ya wenzako, na kwamba ukiajiriwa utatoa taarifa ya kuacha kazi kama mkataba unavyotaka. Wakikukataa kwa hilo, basi.

Mimi nataka uangalie fedha, kwa sababu hakuna aliyeigusa. Tuseme umeahidiwa mshahara wa shilingi 500,000 kwa mwezi. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kawaida itachukua asilimia 10, yaani 50,000. Kodi ya mapato kwenye kiwango hicho hukokotolewa baada ya kutoa mchango wa mfuko, kwa hiyo inatozwa kwenye 450,000. Sehemu inayozidi 270,000 hutozwa asilimia 8, yaani 14,400. Kisha Bodi ya Mikopo itachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nayo ni 75,000. Unabaki na 360,600 kabla hujalipa chumba na nauli. Sisemi ukatae. Nasema usikubaliane na mwenye nyumba wa Kisasa kwa hesabu ya laki tano.

Zamu za usiku nazo zina sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuwa ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, zinazolipwa mara moja na nusu. Uliza pia usafiri, kwa maana zamu inayokwisha saa sita usiku na wewe unakaa Nkuhungu au Nzuguni ni bodaboda, na bodaboda ya saa sita usiku ina bei yake na hatari yake. Ofisi nyingine zina gari la kuwasambaza wafanyakazi, nyingine hazina, na jambo hilo kwa mtoto wa kike ni la kulijua kabla ya kusaini.

Mkataba uwe wa maandishi. Soma muda wa majaribio, na ujue kwamba mwenye chini ya miezi sita kazini halindwi na kanuni za uachishwaji usio wa haki kama anavyolindwa aliyezidisha muda huo. Ukiona umepewa mkataba wa miezi mitatu mitatu unaoanza upya kila unapokwisha, uliza kwa nini.

BintiKolo:

Nawashukuru sana wote. Nimeandika upya barua jana usiku, na nimeeleza habari ya mzee mmoja wa Bahi aliyetuma fedha ya ada ya mjukuu kwa namba isiyo yake, jinsi nilivyompigia yeye mwenyewe huduma kwa wateja na kumsaidia kueleza mpaka akapewa namba ya kumbukumbu. Ni kweli nilikuwa nikiliona kama jambo la kibandani tu.

Kuna jingine limejitokeza. Leo nimepokea ujumbe kwa namba ya kawaida, aliyeutuma anasema yeye ni wakala wa kampuni hiyo, kwamba jina langu limepita na nitume shilingi 35,000 za fomu na sare kabla ya saa kumi jioni. Sijatuma maombi bado. Niliacha namba yangu kwenye kundi moja la WhatsApp la nafasi za kazi.

MchujaMaombi:

Jina lako limepita wapi ilhali hujaomba? Usitume hata shilingi. Mwajiri wa kweli hamtozi mwombaji fomu wala sare, na hampi makataa ya saa kumi jioni. Ripoti ujumbe huo na namba iliyokutumia kwenye namba 15040 ya kuripoti utapeli, halafu utume maombi yako kwa anwani iliyo kwenye tangazo lenyewe, si kwa mtu yeyote wa katikati. Ukitaka njia nyingine ya kupata uzoefu wakati unasubiri, jiandikishe pia na Kitengo cha Huduma za Ajira, TaESU (zamani TaESA), ambacho ni cha serikali na huwaunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya kazini.

MsimamiziWaZamu:

Habari ya mzee wa Bahi inatosha kabisa kwa aya ya pili. Usaili ukifika, tarajia kuulizwa kama fedha ilirudi. Kama haikurudi, sema haikurudi, na ueleze ulimwambia nini mzee.

BintiKolo:

Ilirudi nusu, aliyeipokea alikuwa ameshatoa nyingine. Nitasema hivyohivyo. Maombi nimeyatuma sasa hivi, faili moja.