Naomba ushauri: glibenklamaidi na msimu wa ulanzi

Wakuu, habari za kazi. Nawaomba mnaohudumia wagonjwa wa kisukari huku Iringa, hasa Kilolo na Mufindi.

Mzee wa miaka sitini na kitu, kisukari aina ya pili: anatumia vidonge vya kushusha sukari, metformini mg 500 na glibenklamaidi mg 5, vyote asubuhi na jioni. Jioni anakunywa ulanzi (pombe ya mianzi) bila kula. Alfajiri anakutwa amelowa jasho, anaongea ovyo, sukari imeshuka hadi 2.6 mmol/L. Nyumbani wanadhani ni ulevi, wanamwacha alale. Hapo ndipo watu wanapotea.

Usiku ini ndilo linaloilisha damu sukari: linavunja akiba yake ya sukari (glaikojeni), na ikipungua linatengeneza sukari mpya. Pombe inazuia hatua hiyo ya pili, huku glibenklamaidi ikiendelea kulisukuma kongosho litoe insulini. Hata sindano ya glukagoni (homoni inayolifanya ini liachie akiba hiyo) haisaidii sana akiba ikiwa imekwisha.

Kuacha pombe ameshauriwa, bado. Niondoe dozi ya jioni au nimhamishie gliklazaidi, dawa ya kundi hilohilo? Metformini nayo inanitia wasiwasi kwa mnywaji, maana asidi ya laktiki inaweza kupanda; kreatinini (kipimo cha figo) na vipimo vya ini nimeagiza. Na baada ya dekstrosi (sukari ya mshipani) mnamshikilia mgonjwa wodini kwa saa ngapi? Kwa anayetumia glibenklamaidi, sukari hushuka tena.