Mrejesho: msumeno wa zamani niliouulizia

Ndugu mafundi, niliuliza kama msumeno wa mkono wenye kutu, uliotengenezwa Sheffield, Uingereza, unamfaa mtu anayeanza useremala. Naleta mrejesho kwa shukrani.

Niliununua Gerezani, Dar es Salaam, baada ya kuukagua mlivyonielekeza: nilikunja bapa kiasi na kuliachia, na liliporudi likiwa limenyooka kabisa nikajua kwamba chuma bado ni kizima. Kutu ilikuwa ya juujuu, ikatoka kwa msasa na mafuta ya taa. Ingekuwa imechimba mashimo karibu na meno, ningeuacha.

Kazi kubwa ilikuwa meno. Fundi mmoja wa Keko alinisimamia nikayasawazisha vimo kwa tupa bapa, tukayapinda kidogo kwa zamu, moja kushoto na linalofuata kulia, ili njia ya mkato iwe pana kuliko bapa na msumeno usikwame, kisha nikayanoa kwa tupa ya pembetatu. Misumeno mingi mipya yenye meno ya ncha nyeusi, zilizokomazwa kwa moto, haikubali tupa, na kwangu hiyo ndiyo sababu kuu ya kuupendelea wa zamani.

Sasa unakata mninga mkavu bila kwenda upande. Umebaki mpini, ambao una ufa mdogo wa kuzibwa kwa gundi ya mbao.